Shahidi Niliyemvusha Manyovu

Veronica alikuja stendi ya Kasulu na sanduku. Sisemi begi, nasema sanduku, lile la magurudumu alilolinunua alipokwenda semina Dodoma, na safari yetu ilikuwa ya siku mbili tu. Mkono wa pili alikuwa amebeba hotipoti ya wali, chupa ya chai na maji ya chupa katoni nzima. Nikamuuliza kama amesikia Burundi hakuna maji.

"Yapo," akasema. "Ila sijui wamewekea nini."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoamka, saa moja na nusu asubuhi, kabla hata sijampa mwakeye, salamu yetu ya asubuhi. Najua hasira hasara, nimeambiwa tangu utotoni. Lakini kuna watu wamezaliwa kuzichokonoa hasira za wenzao, na Veronica ni mmoja wao, na ndiye pekee duniani niliyekuwa namhitaji siku ile.

Nieleze kwa nini. Kitambulisho changu kinasema Evaline Felician. Felician si baba yangu, ni mjomba. Baba yangu ni Nkunzimana, Mrundi aliyekimbia vita vya kwao akafikia Kibondo, akakaa kambini, kisha akatoka kambini kwa siri akakaa na mama. Kwao mtoto habebi jina la baba. Baba ndiye humpa mtoto jina lake mwenyewe, na mimi alinipa Niyitegeka. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili wakimbizi wakarudishwa kwao, naye akarudi. Mama akabaki, mimi nikabaki, na watoto wa Kibondo wakabaki na jina la kuniitia kila tukigombana: mtoto wa kambi.

Basi mwaka huu, mwezi wa Juni, mfanyabiashara mmoja wa vitenge anayevuka mpaka wa Manyovu kila wiki alikuja kwenye cherehani yangu pale sokoni Kasulu na ujumbe wa mdomo. Nkunzimana amefariki. Mwanawe mkubwa, Nduwayezu, anasema mwezi wa Julai watafanya kuganduka, yaani kuanua tanga. Siku hiyo watoto wote wa marehemu husomwa majina mbele ya ukoo na majirani, na anayesomwa ndiye mtoto, asiyesomwa hana lake tena. Marehemu alisema kabla ya kufa kwamba ana binti Kibondo, Niyitegeka. Kama ndiye mimi, nije. Na nije na mtu aliyetuona mimi na baba kwa macho yake, asiye ndugu yangu, kwa sababu ndugu hushuhudia tumbo lake.

Sikutaka shamba. Mtu akikwambia nilifuata shamba, mwambie amekosa la kusema. Nilitaka jina langu lisomwe. Nilitaka pawepo mahali pamoja ambapo watu wamekaa, mtu anasimama na kusema kwa sauti: huyu naye ana baba.

Mama alishakufa. Aliyekuwa amebaki ni Veronica. Ananizidi miaka minane, nyumba yao Kibondo ilipakana na yetu, amenibeba mgongoni, na alikuwa akitumwa tumbaku na baba yangu karibu kila jioni. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, na tangu nihamie huko tumekuwa marafiki, kama unaweza kumwita rafiki mtu anayekusahihisha hata unavyokunja shuka.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa kubwa. Miaka minne iliyopita, nilipokuwa nahangaikia kitambulisho, kamati ilitaka mtu wa heshima athibitishe kwamba baba yangu ni Mtanzania. Huku mpakani ukiwa na pua kama yangu na jina la baba la kigugumizi, unaweza kuzunguka miaka. Nilimbembeleza Veronica wiki mbili. Akaenda, akashika Biblia, akaapa kwamba baba yangu ni Felician wa Kibondo. Akalia njia nzima tukirudi. Na sasa nilikuwa nampeleka nchi ya watu akaape kinyume chake.

"Huko wanaandika?" aliniuliza nilipomwomba.

"Hawaandiki. Ni maneno tu."

"Na mimi sina kibali cha mwajiri cha kutoka nje ya nchi."

"Ni likizo, dada Vero. Nani atakuuliza?"

Akakubali. Nasema hivi ili ijulikane kwamba alikubali mwenyewe, kwa mdomo wake, nyumbani kwake, tukila viazi.

Tulipanda mchomoko, hizi gari ndogo za kukodi kwa viti, yeye mbele na sanduku lake likinikalia mimi nyuma magotini. Mpaka tunafika Buhigwe alikuwa ameshasema dereva anakimbia, dirisha linapitisha vumbi, na mimi nimevaa nguo isiyofaa msibani. Nguo niliishona mwenyewe. Nilimwambia kama angenipa kiti cha mbele nami ningekuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Dereva akacheka, Veronica hakucheka.

Kwenye kizuizi kimoja baada ya hapo askari akachungulia ndani. Watu watano tumekaa, kidole kikaja kwangu. Huwa kinakuja kwangu.

"Wewe, shuka. Kitambulisho."

Nikampa. Akaangalia picha, akaniangalia. Akaniuliza mwenyekiti wangu wa mtaa ni nani, nimesoma shule gani, babu yangu amezikwa wapi. Nilikuwa najibu la babu, ndipo Veronica akatoa kichwa dirishani na ile sauti yake ya darasani.

"Afande, huyo ni mdogo wangu. Nimemlea mimi. Kama una shaka naye basi nishushe na mimi."

Askari akanirudishia kadi. Nikaingia garini.

"Ungesema asante," Veronica akasema baada ya muda.

"Asante ya nini? Kitambulisho si ninacho?"

Akageuka akanitazama, kisha akatazama mbele. Yeye na mimi tulijua kitambulisho kile kilitoka wapi, na kwa kuwa tulijua, nilikasirika zaidi. Deni la namna hiyo halilipiki, na mdai wako akiwa na tabia ya kukohoa kidogo kila unapolisahau, unaweza kumchukia bure.

Manyovu kulikuwa na baridi ya Julai. Malori yamejipanga, wabadilisha fedha wanatuita mama, mama, mama. Veronica akajifunika kitenge mpaka pua. Kila mtu mwenye shati la kola, yeye alimwona ni afisa elimu atakayemuuliza kibali. Nikamwambia anaonekana kama mwizi wa kuku, na kwamba ukijificha ndiyo watu wanakutazama. Akaninyamazisha kwa kunifinya. Alinifinya kweli, kwenye nyama ya mkono, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na minane, mbele ya foleni ya watu wenye hati zao mkononi.

Nisiwe mwongo, palikuwa na saa moja nzuri. Upande wa pili, Mugina, tulichukua gari la kwenda Makamba. Sote wawili tulikuwa tumesahau kwamba Burundi magari hupita kulia. Dereva alipotoka kituoni akakamata upande wake, na mbele likaja lori la saruji likikamata upande wake, na Veronica akapiga ukelele. "Yesu wangu, amelewa huyu!" Akashika usukani. Dereva naye akapiga ukelele wake kwa Kirundi. Lori likapita salama kabisa upande wa kushoto, na mwenye lori akatupungia mkono. Tulicheka mpaka machozi. Veronica alicheka kifua kikamwuma, akanishika bega, akasema, "Eva, nimekufa, mwanangu, nimekufa leo." Tukanunua ndizi za kuchoma na mishikaki ya mbuzi njiani na yeye akala, bila kuuliza imewekewa nini. Kama tungegeuza pale na kurudi, tungekuwa marafiki mpaka leo.

Tulifika kilimani kwao saa kumi. Nduwayezu alikuja kutupokea njiani. Nilimjua kabla hajasema neno, ana paji la uso la baba, pana, linalong'aa. Nilitaka kumkumbatia. Alinipa mkono.

"Mwiriwe, mgeni," akasema. Kiswahili anakijua, amefanya biashara Rumonge miaka mingi, kwa hiyo neno mgeni alilichagua mwenyewe.

"Mimi ni dada yako," nikamwambia.

"Kesho," akasema. "Kesho tutajua."

Dada zake walikuwa hivyohivyo. Walitupa maji ya kunawa, wakatutandikia mkeka, wakatutazama kama watu wanaotazama mzigo uliofika bila jina la mwenyewe. Sikuwalaumu sana. Baba wa mtu akifa, huwa wanajitokeza wengi.

Jioni hiyohiyo, jua lingali juu ya migomba, wakatuletea chungu cha impeke, ile pombe yao ya mtama, na mirija miwili mirefu ndani. Kama umetoka Buha, huku kwetu Kigoma, unajua, hata kwetu ni vile vile. Mwenye nyumba hunywa kwanza mbele ya macho yako, ili uone kwamba hakuna sumu. Akishakunywa, na wewe ukikataa, umemwambia kwa vitendo kwamba yeye ni mchawi na bado humwamini. Nduwayezu akainama, akavuta mrija, akameza, akajipangusa, akamgeuzia Veronica. Alianza na shahidi. Ilikuwa heshima.

Veronica akafungua sanduku. Akatoa chupa yake ya maji.

"Mimi hapana," akasema. "Nina maji yangu."

Shangazi mmoja mzee, dada wa marehemu, akaweka chini kibuyu alichokuwa anakiosha. Uso wa Nduwayezu ukafunga. Niliona jina langu likienda na maji. Nikamkanyaga Veronica mguu, akauvuta mguu wake. Nikamnong'oneza aguse tu kwa midomo, akasema hanywi kitu cha mtu asiyemjua, na kama ninataka kufa nife mwenyewe. Alisema kwa Kiswahili, na Nduwayezu, kama nilivyosema, Kiswahili anakijua.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Niligeukia wale wanawake nikasema kwa Kiha, ambacho Mrundi anakisikia kama cha kwao, "Msimfikirie vibaya. Ni mgumba. Mimba tatu zimemtoka, sasa yuko kwenye dawa za kizazi, amekatazwa pombe kabisa."

Habari za dawa zilikuwa uongo. Za mimba zilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyemsindikiza Kabanga hospitali mara mbili kati ya hizo tatu, mimi nilimshikia beseni, na aliniapisha nisimwambie hata mama yake mzazi. Na Veronica ni Muha. Alisikia kila neno. Nilijua anasikia. Nilitaka wale watu wapoe, na pia nilitaka imuume. Yote mawili yakatimia kwa sentensi moja.

Maana wale watu walipoa mara moja. Shangazi akaja akapiga magoti mbele ya Veronica, akamwekea mkono tumboni, akasema, "Mpore, mwana wanje, mpore," yaani pole, mwanangu, pole. Dada zake Nduwayezu wakaanza kutaja majani, mizizi, padre fulani wa Gitega anayeombea. Mmoja akamletea mtoto mchanga ampakate, kwa baraka. Veronica akampakata. Alikaa na yule mtoto mapajani, mgongo umenyooka, hatazami kushoto wala kulia, mpaka mama wa mtoto akaja kumchukua.

Tulipotoka kwenda kuoga nyuma ya nyumba nikamwambia, "Ilibidi, dada Vero. Ungeniharibia."

Akaisogeza ndoo karibu yake.

"Ungekunywa tu, haya yote yasingekuwepo. Maji ya chupa! Katoni nzima! Nani anakwenda msibani na katoni ya maji?"

Akachota maji ya ndoo akanawa uso. "Umemaliza?" akauliza.

"Sijamaliza. Kesho ukisimama, zungumza Kiha, usilete Kiswahili chako cha ukaguzi. Sema ulivyomwona baba akinibeba. Sema tumbaku. Basi."

"Nimesikia," akasema, akaingia ndani, akalala na nguo zake kichwa kikiwa juu ya sanduku.

Asubuhi uwanja ulikuwa umefungwa turubai la bluu na viti vya plastiki vya kukodi. Baada ya sala wakaketi wazee wa mila watatu, wanawaita abashingantahe, na mmoja wao ndiye msemaji. Nilitegemea mzee wa fimbo na kikohozi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa, kipaza sauti mkononi, na alikuwa anaendesha shughuli kama anayechelewa gari. Aliuliza nani alikuwa na jambo na marehemu, watu wawili wakasema yao, yakaisha. Kisha akafungua karatasi akaanza kusoma watoto. Kila aliyetajwa alisimama, watu wakaitikia kwa pamoja, akakaa. Nduwayezu. Dada zake watatu. Mdogo wao wa kiume. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani isiyo na kitambaa.

"Wa sita," akasema msemaji. "Niyitegeka. Huyu alizaliwa Buha. Yupo mwanamke hapa anasema ndiye. Nani anamjua?"

Veronica akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu la mikutano ya wazazi, nilimshonea mimi, na bega la kushoto lilikuwa limekaa vizuri kuliko la kulia. Niliona hata hilo.

"Unamjua?"

"Ndamuzi," akasema Veronica. Namjua.

"Se ni nde?" Baba yake ni nani?

Aliniangalia. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kuona uso wake umetulia namna ile.

"Baba yake ni Felician wa Kibondo," akasema kwa Kiha safi, polepole, ili hata watoto wasikie. "Niliapa hivyo mbele ya serikali, Biblia mkononi, miaka minne iliyopita. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu. Sina kiapo kingine."

Akakaa.

Nilisimama bila kuitwa. "Dada Vero!" Kisha nikasahau dada. "Vero! We mwongo! Sema ulivyomwona! Sema alivyokuwa anakutuma tumbaku!"

"Ulinibembeleza wiki mbili niape, Eva," akasema, bila kugeuka. "Nikaapa. Unataka niape mara ngapi?"

Watu wakaanza kuguna. Msemaji akainua mkono. Akaniuliza kama ni kweli kwamba nilimpeleka huyu mwanamke akaape hivyo. Nikasema ni kweli, lakini ilikuwa kwa ajili ya kitambulisho tu, kwetu ukiwa na baba Mrundi hupati. Nilikuwa nalia na kutukana kwa wakati mmoja, sikumbuki nilimwita Veronica majina gani.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akacheka. "Hata mimi nilikuwa Muha miaka kumi na mitatu," akasema. "Nilikuwa naitwa Ridhiwani." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nusu yao walikuwa wamekaa kambini kwetu, walijua maisha yale, walijua mtu anaweza kuhama baba kama anavyohama hema. Msemaji mwenyewe alitabasamu. Akasema kumficha baba mbele ya askari si kumkana, kila aliyekimbia amejificha nyuma ya jina fulani, na kiapo cha njaa Mungu hukisoma kwa jicho lingine. Shangazi akapiga makofi. Veronica akainamisha kichwa. Nikaona nimeshinda. Nilimtazama yule shahidi wangu na katoni yake ya maji nikajisemea, ona sasa, umejitia aibu bure.

Ndipo Nduwayezu akasimama.

"Nina swali moja tu," akasema kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa. "Miaka minne iliyopita baba alianza kuumwa. Akataka kuisikia sauti ya Niyitegeka. Mtu aliyerudi kutoka Kibondo akatupa namba, akasema ni yake kabisa. Mimi ndiye niliyebonyeza, mimi ndiye niliyemshikia baba simu sikioni. Mwanamke akapokea. Baba akasema jina lake. Yule mwanamke akasema, umekosea namba, hapa hakuna mtoto wa Mrundi. Akakata. Tukapiga tena, haikupatikana mpaka leo." Akanitazama. "Ulikuwa wewe?"

Nilikuwa mimi. Ilikuwa wiki ileile ya kamati. Nilikuwa kwenye foleni, bahasha kwapani, watu mbele na nyuma yangu, na ile sauti ikasema Niyitegeka, na tangu nina miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Niliijua kabla haijamaliza kulitamka. Nikasema nilichosema. Jioni nikatupa laini chooni nikanunua nyingine. Aliyejua ni mimi na Veronica, kwa sababu alikuwa kwenye foleni ile pamoja nami, akinisubiri niitwe, na aliniona nilivyobadilika rangi.

Sasa Veronica alikuwa amenigeukia. Ule utulivu wa uso wake ulikuwa umeondoka. Akaniambia chini chini, kwa ile sauti ya zamani, ya siku alizonibeba mgongoni, "Sema ndiyo, mdogo wangu. Sema tu. Watakusamehe, si umewaona?"

Na huenda wangenisamehe. Lakini niliwatazama wale dada watatu wa Nduwayezu, niliowatamani wawe dada zangu. Niliona baba akiwa amelala na simu sikioni, na huyu kaka amemshikia. Nikaona kila mtu atakayenitazama kuanzia leo atakuwa anaiona ile simu. Na isitoshe aliyekuwa ananiambia niseme ndiyo alikuwa Veronica, na siku ile nilikuwa tayari kufanya lolote duniani isipokuwa lile alilolisema Veronica.

"Hapana," nikasema. "Sikuwa mimi. Sijawahi kupigiwa."

Nduwayezu akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu. Nadhani alikuwa ametaka sana nijibu vingine.

Msemaji akashauriana na wenzake, haikuchukua hata dakika tano. Akarudi kwenye kipaza sauti. Akasema aliyeleta namba ile aliapa ni namba ya Niyitegeka, na ni mtu mkweli, yupo hapa. Huyu mgeni anasema namba haikuwa yake, na shahidi aliyemleta mwenyewe anamtaja baba mwingine. Basi hakuna haja ya kubishana wala kumwita mtu mwongo. Huyu siye. Niyitegeka hajapatikana, ukoo utaendelea kumtafuta, na kiti chake kisikaliwe. Akakunja karatasi.

Watoto watano wakaitwa mbele, wakainama pamoja juu ya chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi alikuwa analia kwa furaha na kucheza, na kila alipopita karibu yangu alinipapasa begani kama unavyompapasa mtu aliyepotea njia akaingia shughuli isiyo yake.

Nilitaka kuondoka. Lakini kuondoka katikati ya chungu ni tusi, na Veronica akanishika kiuno cha nguo akanivuta nikae. Sikuwa na nguvu ya kumtoa mkono. Kati ya viti vyetu palikuwa na chupa yake moja ya maji, imefunguliwa, imenywewa nusu.

Mwishoni kabisa msemaji akashukuru waliotoka mbali. Akataja waliotoka Rumonge, akataja waliotoka Bujumbura, kila kundi likasimama likapigiwa makofi. Kisha akatutafuta kwa macho.

"Na tunawashukuru sana hawa marafiki wawili," akasema, "waliovuka mpaka kutoka Kasulu kuja kulia na sisi mtu wasiyemjua. Urafiki wa namna hii sisi tunauheshimu. Simameni, watu wawaone."

Veronica akasimama. Akaninyooshea mkono ili nami nisimame, nikaushika, kwa kuwa watu wote walikuwa wanatutazama, na wakatupigia makofi.